Kinachotakiwa: Gurudumu. Haraka: Hakuna.

Ndia Kuu, Mombasa
14 Januari 2024

Ndugu yangu mpenzi Taizoon,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, na wewe tunakuombea usiwe na jambo katika baridi hiyo ya Calgary, ambayo Zoher ameitazama kwenye taarifa ya habari akaenda kufunga dirisha.

Nimeamua kukuandikia barua pepe kwa sababu simu haitufai. Nikipiga mimi umelala, ukipiga wewe tumekaa kwenye sinia tunakula na mikono yetu ina mchuzi. Tena Baba, Mungu amrehemu, alituzoesha barua. Maneno ya simu yanapita, ya barua mtu anaweza kuyarudia akiwa ameshakasirika.

Zoher mume wangu anakusalimu. Magoti yanamsumbua kwa ngazi za nyumba hii, lakini ukimtajia kuhamia Nyali anasema nyumba za huko zote zinanuka rangi mpya. Mejumaa, ambaye anadarizi nami tangu hujaondoka, amepata mjukuu wa kike. Jirani amepaka nyumba yake rangi ya waridi, na sasa watalii wakitoka Ngome ya Yesu wanakuja kupigia picha hapa, na wananiomba nisogee nitoke kwenye mlango wangu mwenyewe. Nasogea, nifanyeje.

Basi ya huku ndiyo hayo. Liko jambo jingine dogo, ukipata nafasi. Ile mashine ya kudarizi ya Mama, yenye mpini chini ya meza, imevunjika gurudumu dogo la meno linalozungusha ndoana. Mafundi wa mjini hawana. Ukipita huko kwenye duka la vitu vikuukuu ukaliona, vizuri. Usipoliona pia si neno. Hakuna haraka.

Dada yako,
Sabira


Calgary
2 Februari 2024

Dada yangu Sabira,

Wa alaikum salaam. Nimefurahi kusikia habari zenu, nipongezee Mejumaa kwa mjukuu, na Zoher mwambie afungue dirisha, baridi ya huku haivuki bahari. Mimi mzima. Kazini mambo ni yale yale, mikutano ya kupanga mikutano.

Gurudumu nimelitafuta. Maduka ya vitu vikuukuu ya hapa yamejaa viatu vya kuteleza kwenye barafu na sahani za harusi za watu waliokwisha kuachana. Nikaingia mtandaoni. Nimepata wauza nyuzi, wauza mashine za plastiki, na mtu mmoja anayeuza picha ya mashine kama ya Mama. Picha! Siyo mashine, picha yake ya kutundika ukutani.

Jambo hili limenikera kuliko linavyostahili, nami nitakueleza sababu, maana ndiyo kazi yangu. Kila ukurasa wa wavuti una alama ambazo wewe huzioni ila kompyuta zinazisoma. Mwenye duka akiweka alama ya kusema "hiki kinauzwa, bei yake hii", dunia nzima inakipata. Lakini mtu anayetaka kitu hana alama yake. Anayeuza amepewa mdomo, anayetaka hakupewa. Nina hakika mahali fulani gurudumu lako limelala ndani ya droo, na mwenye droo hajui kwamba wewe upo.

Liko kundi la watu wa kujitolea, kutoka nchi mbalimbali, ambao hukaa wakakubaliana juu ya alama hizi. Wakikubali kitu, kinakuwa kiwango na kila mtu anakifuata. Nitawapelekea pendekezo: alama za orodha ya vitu vinavyotakiwa. Visanduku sita tu. Kitu, idadi, hali, mahali, haraka, na kimepatikana au bado. Mfano wa kwanza utakuwa wewe. Nitauweka ndani ya pendekezo na kwenye ule ukurasa wa duka lako niliokutengenezea. Nijazie visanduku hivyo.

Baba angecheka. Unakumbuka akitaka kufuli? Anauliza kwanza bei ya rangi, kisha kamba, kisha misumari, anaaga, na akifika mlangoni ndipo anapogeuka: "Na makufuli je, mwanayo?" Ukionyesha umekitaka, alikuwa akisema, umeshakilipia mara mbili. Leo mwanawe anataka dunia nzima iandike mlangoni inachokitaka.

Nduguyo,
Taizoon


Ndia Kuu, Mombasa
20 Februari 2024

Ndugu yangu Taizoon,

Salamu nyingi. Sote wazima, ila maji ya mfereji yamekatika tena na tunanunua ya mkokoteni.

Barua yako nusu yake sikuielewa, na nusu niliyoielewa haikunipendeza. Niandike ninachokitaka ili watu wasome! Watasema duka la watoto wa Allarakha limekwama. Lakini wewe ndiye msomi wetu, basi chukua:

Kitu: gurudumu la meno la mashine ya kudarizi ya mpini, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Picha nimeiambatisha.
Idadi: moja.
Hali: jipya au lililotumika, bora meno yote yawepo.
Mahali: Ndia Kuu, Mombasa.
Haraka: hakuna.
Kimepatikana: bado.

Kwa sasa nimemwendea Ngowa, fundi wa Liwatoni anayechonga vyuma vya boti. Alilishika lile lililovunjika kwa ncha za vidole akaniambia, "Mama, mimi nimezowea vyuma vya kubebwa na watu wawili. Hichi chataka miwani. Lakini niwatie hichi hapa kwangu, tuone." Akachonga la shaba. Lilifanya kazi vizuri kwa shingo mbili za kanzu, ya tatu meno yakalika yote na ndoana ikazunguka peke yake kama mtu aliyepotea Marikiti.

Maagizo ya Ramadhani yamekuja kama kila mwaka, kanzu za waungwana na rida za kinamama wa kwetu za kuvaa Idi. Mimi na Mejumaa tunadarizi kwa mkono. Si neno.

Dadako,
Sabira


Calgary
28 Aprili 2024

Dada yangu,

Idi njema, ingawa imeshapita na vyombo vyake vimeshaoshwa. Nisamehe kuchelewa. Natumai mmekula na mkanikumbuka kwenye biriani.

Pendekezo nimelipeleka Machi. Nilidhani watu watasema ndiyo au hapana. Dada, hawajasema ndiyo wala hapana, wameuliza. Mmoja anauliza mtu akitaka meza au kiti, chochote kitakachotangulia, ataandikaje. Nikakaa wiki moja namtungia jibu. Mwengine akasema jibu langu ni refu. Nikalifupisha, wa tatu akasema sasa halieleweki. Kuna mmoja ameniuliza kama orodha ya vinavyotakiwa inaweza kuwa tupu. Nimeshindwa kulala kwa kumfikiria mtu anayetaka kutangaza kwamba hataki kitu.

Ila mkorofi wao ni Mreno mmoja, mzee wa Porto. Yeye anasoma kila mstari. Kila wiki ananiuliza nani atakitumia kiwango hiki. "Nionyeshe mtu anayetaka kitu kweli, siyo mtu anayetaka kuandika kiwango." Maneno yake hayo! Mpaka mfano wako ameufikia. Ameuliza mbele ya kundi zima: ya nini kisanduku cha haraka, ikiwa huyu mama wa Mombasa mwenyewe hana haraka? Anayo au hana? Nikamjibu kwamba kisanduku hicho ni cha hiari, na kwamba tafadhali tujadili muundo, siyo gurudumu.

Naandika toleo la pili. Hawatanichosha.

Nduguyo,
Taizoon


Ndia Kuu, Mombasa
11 Mei 2024

Ndugu yangu Taizoon,

Salamu. Tulikukumbuka kwenye biriani, Zoher alikula sehemu yako kwa niaba yako.

Nilikuomba gurudumu, umeniletea baraza. Sisemi kwa ubaya. Lakini naona kila barua yako ina watu wengi zaidi na chuma kidogo zaidi. Na huyo Mreno wako, nakuonya. Wenzake walipokuja hapa walijenga Ngome ya Yesu, na zile kuta mpaka leo zipo na kiingilio zinatoza.

Ngowa amejaribu mara ya pili, kwa chuma kigumu. Safari hii meno hayakulika, yakaivunja ndoana. Nilipata ndoana nyingine kwa taabu, nikamwambia tusijaribu tena. Alikataa hata nauli yangu ya kwenda na kurudi, alivyoona haya.

Idi yetu ilikuwa hivyo hivyo. Hatukumaliza maagizo. Mama mmoja wa Kuze alikuja kuchukua kitambaa cha rida yake kikiwa hakijaguswa. Alikikunja vizuri, akauliza afya yangu, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Mejumaa yupo, anakusalimu.

Hebu niambie. Zoher ametazama saa za barua zako akapiga hesabu zake. Anasema hii ya mwisho uliiandika Jumapili, sawa, lakini picha za maua ulizonitumia juzi ulizipiga Jumanne, saa ya kazi, ukiwa umekaa bustanini. Huko kazini kwenu wamekupa bustani?

Dadako,
Sabira


Calgary
30 Agosti 2024

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kimya changu. Natumai magoti ya Zoher yamepoa na maji ya mfereji yamerudi. Picha ya Mejumaa na mjukuu nimeitazama mara nyingi.

Nimehama. Nyumba ile ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, nimechukua chumba cha chini kwa familia moja ya Wapunjabi, watu wema, wananigongea mlango kwa chapati. Mimi mzima, sina nilichopungukiwa. Nafasi ya kuandika ninayo tele.

Pendekezo liko toleo la tatu. Wamesema wataamua mwisho wa Septemba. Sasa sikiliza walichoniambia, nami nakuapia sikuongeza chumvi. Wanataka ushahidi kwamba kuna mtu, hata mmoja, aliyewahi kupata kitu kwa alama hizi. Nikawaambia alama hazitumiki kwa sababu hazijakubaliwa. Wakasema hazitakubaliwa mpaka zitumike. Mreno akaongeza kwamba mfano wangu ni ule ule tangu Machi na mama wa Mombasa bado anangoja bila haraka yoyote, kwa hivyo dunia inaweza kungoja naye.

Nilipiga meza. Mpunjabi wa juu akaja kuuliza kama nimeanguka. Miezi yote hii, Dada! Nimepima kila neno. Nimejibu watu ambao hawajawahi kukosa kitu maishani, na wananifundisha namna ya kutaka.

Nitavumilia mpaka mwisho wa Septemba.

Nduguyo,
Taizoon


Ndia Kuu, Mombasa
9 Septemba 2024

Taizoon,

Salamu leo nitaziweka mwisho, zikibaki.

Umepiga meza. Hongera. Sasa nisikilize mimi nipige yangu.

Mejumaa hayupo. Ameondoka Julai. Alikuja asubuhi, akakaa pale pale pake, akanionyesha mikono yake. Akaniambia, "Dada Sabira, vidole vyangu havishiki tena sindano. Na kule hotelini Nyali wataka watu wa dobi, mashine zafua zenyewe. Waonaje?" Nikamwambia nenda, mwenzangu, si neno. Si neno! Kwa mdomo wangu huu. Akangoja kidogo mlangoni, nikamuuliza habari za mjukuu. Akaenda. Ile picha niliyokutumia ni ya siku ya kuagana, na sikukwambia.

Na mashine ya Mama inauzwa. Zoher amemleta mtu wa vitu vya kale, yule mwenye duka karibu na Ngome, ameitazama chini na juu. Anataka kuiweka dirishani na taa juu yake, watalii waione. Zoher hana kosa, chumba ni kidogo na mashine mbovu inakula nafasi. Nimempa muda mpaka Desemba. Nikiiona mashine ya Mama dirishani ndani ya taa, nami napita na kikapu changu cha samaki, nitakufa, Taizoon. Nakwambia kweli.

Sasa jambo lenyewe. Nataka gurudumu. Nalitaka sana. Nililitaka Januari kabla ya Ramadhani, na kila siku tangu hapo nimelitaka. Nilikuandikia hakuna haraka, nawe ukaamini! Umelelewa nyumba gani wewe? Nilianza na baridi, nikaja kwenye magoti ya Zoher, mjukuu wa Mejumaa na rangi ya nyumba ya jirani, kisha nimeshika mlango nikauliza gurudumu. Kufuli, Taizoon! Nilikuwa nauliza kufuli! Hadithi ya Baba umenisimulia wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na hukuniona nimesimama mlangoni.

Najua, ni mimi niliyejaza kisanduku. Nilijaza kwa adabu. Na adabu yangu imenikosesha Mejumaa.

Kibadilishe leo. Andika sana. Kama kuna neno lenye nguvu kuliko sana, andika hilo.

Wasalaam. Unavaa sweta?

Sabira


Calgary
4 Oktoba 2024

Dada yangu Sabira,

Sina salamu zinazotosha, kwa hivyo naanza tu.

Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye kufuli nikakaa chini. Nimekaa huku miaka mpaka nimeanza kuyaamini maneno kama yalivyoandikwa. Nikakaa kwenye kompyuta nikabadilisha mfano, kwenye ukurasa wako na ndani ya pendekezo. Pale penye haraka nimeandika: "Sana. Mashine inauzwa Desemba, na mwenyewe hataki kuiuza."

Kesho yake yule Mreno akaniandikia. Hakuandika kwa kundi, kwangu peke yangu. Mstari wa kwanza ulisema, "Kwa nini hukusema?"

Analo, Dada. Analo gurudumu. Mama yake alikuwa mdarizi, alikuwa akidarizi mashuka ya maharusi kwa mashine kama ya Mama. Amekufa, mashine ilikufa kabla yake, na vipande vyake vilibaki ndani ya droo. Alipousoma mfano wako Aprili alikwenda akafungua droo, akalitoa, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha. Kisha akasoma kwamba hakuna haraka. Akadhani pengine ni mfano tu, hakuna mama wala mashine. Ndiyo maana aliniuliza mbele ya watu, anayo haraka au hana? Nami nikamjibu kisanduku ni cha hiari, tujadili muundo! Miezi mitano limekaa dirishani linaangalia barabara.

Ameshalituma. Hakutaka kulipwa. Ameomba umtumie kipande kidogo ulichodarizi, chochote, aone kama mshono ni ule.

Na kiwango kimekataliwa. Wamefunga mjadala tarehe 30 Septemba, ushahidi hautoshi. Niliwaambia kuhusu gurudumu. Mreno mwenyewe alipiga kura ya kukataa. Nikamuuliza, wewe? Akasema gurudumu moja siyo kiwango. Sijui nimchukie au nimbusu mkono.

Mimi mzima. Usijali juu yangu.

Nduguyo,
Taizoon


Ndia Kuu, Mombasa
6 Novemba 2024

Ndugu yangu mpenzi Taizoon,

Assalaam alaikum wa rahmatullah. Leo salamu unazipata zote, za kwangu, za Zoher na za nyumba nzima.

Limefika. Limefungwa ndani ya kipande cha shuka kilichodariziwa ua moja pembeni, na kinanuka sabuni ya zamani. Nilimwita Ngowa, akaja na vifaa vyake vya boti, akakitia chuma mahali pake, akazungusha mpini, akasikiliza. Akasema, "Sasa hichi ndicho. Mimi nilikuwa nakisumbua." Kisha akakubali chai.

Yule mtu wa vitu vya kale nimemrudisha. Alisema atakuja tena mwakani, nikamwambia hatanikuta na nafasi. Kipande cha Mreno nimeshakidarizi, ua lile lile la mama yake. Nimemwekea na maneno: mzee, kura yako nimeisikia.

Mejumaa nilimpelekea habari, akapita Ijumaa akienda kazini. Akakaa pale pake, akazungusha mpini, mashine ikaimba kama zamani. Machozi yakamtoka, na mimi vilevile. Nikajikaza, nikasema kitu ambacho sijapata kumwambia mtu. Nikamwambia, "Mejumaa, nakutaka urudi." Akanitazama sana. Akasema, "Lau ungalinambia neno hilo Julai, nisingalikwenda. Nilingoja pale mlangoni." Akafuta macho akaenda kazini. Hakurudi, Taizoon, na hatarudi, hotelini ameshapewa kazi ya kudumu. Nimelipata gurudumu, na Mejumaa nimemkosa.

Kwa hivyo sasa nakuja kwako, na sitaanza na rangi ya nyumba.

Barua zako unaziandika siku za kazi, mchana. Umehama nyumba kubwa ukaingia chumba cha chini. Watu wanakugongea mlango kwa chapati. Simu ya video hupokei ila usiku, gizani, nisione uso. Na kila barua umeniambia u mzima, huna ulichopungukiwa. Na mimi nilikuwa sina haraka. Sisi ni watoto wa baba mmoja.

Visanduku vyako hivyo hapo chini, sita, vitupu. Wamevikataa wao, mimi nimevikubali. Jaza, na adabu iweke kando.

Dadako,
Sabira


Calgary
9 Novemba 2024

Dada yangu,

Nimevitazama visanduku siku mbili. Kuviunda ilikuwa rahisi kuliko kuvijaza.

Kazi imekwisha tangu Mei. Walitupunguza wengi. Nilisema nitakwambia nikipata nyingine, sikupata. Kisha nikasema nitakwambia kiwango kikikubaliwa, ili habari mbaya ije na nzuri mkono mmoja. Nilikuwa nangoja kuwa na cha kuonyesha. Zoher hesabu zake ni sawa, bustani haikuwa ya kazini.

Haya, bila adabu:

Kitu: nyumbani.
Idadi: nafasi ya mtu mmoja na sanduku la nguo.
Hali: iliyotumika. Hata ikiwa na meno yaliyokatika.
Mahali: Ndia Kuu, Mombasa.
Haraka: ndiyo, Dada. Sana.
Kimepatikana au bado: hapa siwezi kujaza mimi.

Taizoon


Ndia Kuu, Mombasa
9 Novemba 2024

Taizoon,

Kimepatikana.

Zoher amepanda ngazi zote na magoti yake kwenda kufungua madirisha ya chumba cha juu, na ameniambia nisikwambie kwamba amelia, kwa hivyo nakwambia. Maagizo ya Ramadhani ijayo yameanza kuingia, na wa kukaa pale pa Mejumaa sina. Utajifunza. Mikono unayo, na huna kazi.

Zoher anauliza utakuja lini, ukipata nafasi. Mimi siulizi hivyo. Nakutaka sasa.

Sabira